KIJANA ASIYEHESABIWA: SOMO JUU YA VIJANA WASIO NA KAZI WALA MASOMO KATIKA MIJI YA MATAJIRI



Mtu akituuliza, "Kijana asiye na kazi, wala shule, wala ufundi anaojifunza, yuko wapi?" wengi wetu tutanyosha kidole kwenye mitaa ya maskini. Jawabu hiyo si ya uwongo, walakin ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba kijana huyo yuko pia katika miji yenye neema, kwenye majumba ya ghorofa na mabustani, na huko dhiki yake ina sura nyingine: haonekani. Penye umaskini wa wote, msiba wa kijana huonwa na wote. Penye utajiri, msiba wake hufunikwa na neema ya wenziwe, na aghlabu hufunikwa na mali ya wazazi wake mwenyewe. Katika somo hili tunataka kueleza jinsi kufunikwa huko kunavyotokea, tukichukua mfano wa nchi iliyolichungua jambo hili kwa muda mrefu, nayo ni Uingereza, kisha tutazame yatupasayo sisi wenyewe.

JINA LA JAMBO NA ASILI YAKE

Mwaka 1988 Serikali ya Uingereza ilipitisha sheria iliyowaondolea wengi wa vijana wa miaka 16 na 17 ile posho waliyokuwa wakipewa wasiokuwa na kazi. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba kila kijana wa umri huo angepatiwa nafasi ya mafunzo, basi posho ya nini? Lakini si wote waliopata nafasi hizo, na si wote waliozipata walikaa nazo. Kwa kuwa hawakuwa na haki ya posho, hawakwenda kujiandikisha; na kwa kuwa hawakujiandikisha, hawakuwamo katika hisabu ya watu wasio na kazi. Kwenye karatasi walikuwa wametoweka. Barabarani walikuwapo.

Mapema katika miaka ya 1990, watafiti huko Wales ya Kusini walizipekua daftari za ofisi iliyokuwa ikiwaongoza vijana katika kutafuta kazi. Waliona kila kijana amepewa namba ya hali yake: mwenye kusoma ana namba yake, mwenye kujifunza ufundi yake, na mwenye kazi yake. Asiyekuwamo katika hizo tatu aliandikiwa sifuri. Watafiti wakalichukua neno hilo, wakawaita "vijana wa hali sifuri". Jina hilo lilikuwa kali mno kwa masikio ya wakubwa, na baadaye likabadilishwa kwa herufi nne, NEET, ambazo maana yake ni mtu asiyekuwa katika kazi, wala masomo, wala mafunzo. Mwaka 1999 Serikali ilitoa ripoti iliyosema kwamba vijana 161,000 wa miaka 16 hadi 18 walikuwa katika hali hiyo, yaani 9 katika kila mia wa umri wao. Tangu hapo jina hilo limeenea ulimwenguni. Umoja wa Mataifa wenyewe ulilitia jambo hili katika malengo yake ya maendeleo ya mwaka 2015, na Shirika la Kazi la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2023 kijana mmoja katika kila watano duniani alikuwa katika hali hii, na kwamba wawili katika kila watatu wa hao ni wasichana.

Katika Uingereza yenyewe, miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2024, vijana wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa hivyo walikadiriwa kuwa 987,000, yaani zaidi ya 13 katika mia. La kuzingatiwa zaidi ni hili: zaidi ya nusu yao hawakuwa hata wakitafuta kazi. Kwa hiyo anayedhani kwamba dawa ni kubandika tangazo la kazi ukutani na kungoja, na ajue kwamba wengi wa anaowangoja hawapiti mbele ya ukuta huo.

MFANO WA MJI WA WOKING

Basi na tuutazame mji mmoja. Kusini-magharibi ya London kuna kaunti iitwayo Surrey, ambayo ni miongoni mwa sehemu zenye utajiri mkubwa katika Uingereza. Ndani yake umo mji wa Woking, na jina hili si geni kwa Waislamu, kwani huko ndiko ulikojengwa mwaka 1889 Msikiti wa Shah Jahan, msikiti wa kwanza uliojengwa kwa kusudi hilo katika nchi ya Uingereza, uliopewa jina la Begum wa Bhopal aliyetoa mali yake kwa ajili yake.

Woking ni mji wa neema. Gari la moshi huwafikisha watu London kwa kiasi cha nusu saa, na asubuhi vituo hujaa watu waendao kwenye kazi zenye mishahara mikubwa. Nje kidogo ya mji ipo karakana kubwa ya magari ya mbio ya McLaren, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo mafundi hodari hufanya kazi. Lakini si mbali na msikiti tulioutaja iko mitaa ya Maybury na Sheerwater. Sheerwater ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kuwapa makazi watu waliotolewa London, na kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa sehemu zenye dhiki zaidi katika kaunti nzima ya Surrey. Kwa hiyo kijana wa mtaa huo huamka kila siku katika kaunti ambayo jina lake kwa Waingereza ni sawa na neno "tajiri", wala utajiri huo haumfikii.

Hapa pana jambo la hisabu ambalo yafaa kila msomaji alifahamu. Tufanye mfano wa kudhania, usio wa mji wowote. Mji una mitaa kumi, na kila mtaa una vijana 200, jumla 2,000. Katika mitaa tisa ya wenye nafasi, kila mtaa una vijana 4 wasio na kazi wala masomo, jumla 36. Katika mtaa wa kumi wako vijana 40, yaani mmoja katika kila watano. Ukiwakusanya wote ni 76 katika 2,000, na hao hawafiki 4 katika mia. Mkubwa wa mji atasimama mbele ya watu aseme, "Mji wetu hauna tatizo," naye hakusema uwongo. Lakini mtaa wa kumi unaungua.

Wala si mtaa wa kumi tu uliofichwa na hisabu hiyo. Wale wanne wanne wa mitaa tisa nao wamefichwa, tena zaidi, kwa kuwa wametawanyika. Mtaa wa kumi huenda ukaletewa mwalimu na karakana, maana wahitaji wake wako pamoja. Nani atafungua karakana kwa ajili ya vijana wanne?

Liko na pazia jingine. Katika Uingereza ni juu ya halmashauri kujua kila kijana wa miaka 16 na 17 yuko wapi na anafanya nini. Zamani halmashauri nyingine zilijisifu kwa kuwa na vijana wachache wasio na kazi wala masomo, kumbe sababu ni kwamba hazikujua vijana wao wako wapi. Asiyejulikana aliko hakuhesabiwa kuwa hana kazi. Ndipo Serikali ikaanza kutangaza hisabu mbili hizo pamoja, ya wasio na shughuli na ya wasiojulikana, ili kutojua kusiwe sifa.

KWA NINI ANGUKO HUWA ZITO PENYE UTAJIRI

Watu husema haraka kwamba vijana hawa ni wavivu. Uvivu upo, hatukatai, nao ni aibu. Lakini anayeridhika na neno hilo moja hakufanya kazi ya kufikiri. Wako miongoni mwao wagonjwa, khasa wa maradhi ya moyo na fikra; wako wanaomuuguza mzazi; wako mama wachanga; wako waliofukuzwa shule; wako waliolelewa katika majumba ya Serikali kisha wakaachwa wajitegemee. Na juu ya hayo, mji wa matajiri huongeza vikwazo vyake.

Kwanza, shule. Katika mji ambao wazazi wengi wamesoma vyuo vikuu, shule hutazamia watoto waende vyuo vikuu, na sifa yake hupimwa kwa hao. Mtoto aliyeshindwa katika mtihani wa miaka 16 huona njia ya mbele imejengwa kwa miguu ya wenziwe. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika mwaka 2013 na kutimia mwaka 2015, inamtaka kila kijana wa huko aendelee na masomo au mafunzo mpaka atimize miaka 18. Lakini sheria huweza kuagiza mlango, isiweze kumtia mtu ndani.

Pili, uanagenzi. Ile njia ya zamani ya kijana kukaa na fundi akajifunza kwa mikono imekuwa nyembamba. Tangu mwaka 2017 makampuni makubwa ya huko hutozwa kodi makhsusi kwa ajili ya mafunzo. Walakin sehemu kubwa ya fedha hizo imetumiwa kuwaendeleza watu waliokwisha kuajiriwa, na nafasi za vijana wanaoanza zikapungua.

Tatu, gharama. Tangu Aprili 2025 ujira wa chini kabisa wa mwanagenzi ulikuwa pauni 7 na peni 55 kwa saa, hali mtu mzima wa miaka 21 na zaidi alikuwa na haki ya pauni 12 na peni 21. Kwa ujira huo wa kwanza kijana hawezi kupanga hata chumba katika mji ambao nyumba zake hugombewa na wafanyao kazi London. Naye huenda asipate basi la kumfikisha kazini, kwa kuwa penye nyumba zenye magari mawili mawili mabasi huwa haba. Mwenziwe aliye ndani ya mpaka wa London, akiwa na miaka 16 au 17, hupanda basi bure. Yeye aliye upande wa pili wa mpaka hulipa nauli.

Nne, utajiri wa watu si utajiri wa mfuko wa wote. Mwezi wa Juni 2023 halmashauri ya mji huo huo wa Woking ilitangaza kwamba imeelemewa. Ilikuwa imekopa fedha nyingi kujenga majumba marefu na kuingia katika biashara, na upungufu wake ukatazamiwa kufika pauni bilioni 1.2. Ni kweli kwamba shule haziko mikononi mwa halmashauri ya mji bali ya kaunti. Walakin mfuko wa mji ukikauka hukatwa kwanza misaada ya mitaa na mahali pa vijana kukutania. Minara ya mji ilibaki imesimama, na mtu apitaye kwa gari la moshi huiona akadhani mji umeshiba.

PAZIA LA MALI YA WAZAZI

Sasa tufike kwa yule mtoto wa nyumba kubwa, maana yeye hasemwi na mtu. Kijana wa maskini akikosa kazi, njaa humtoa nje. Atabeba mizigo, atauza maji, ataombaomba, na kwa vyovyote ataonekana. Kijana wa tajiri hana njaa. Chakula kiko mezani, chumba kina mlango, simu imelipiwa. Baba anaona haya kusema kwamba mwanawe hana alifanyalo, kwa hiyo akiulizwa hujibu, "Anapumzika kidogo," au "Anangoja nafasi ng'ambo." Mwaka wa kwanza neno hilo ni kweli. Mwaka wa pili ni udhuru. Mwaka wa tatu hapana tena anayeuliza.

Wajapani wameyaona mambo haya mpaka mwisho wake. Huko wako watu wanaojifungia majumbani kwa miezi na miaka, na hali hiyo wameipa jina la hikikomori, lililotangaa tangu kitabu cha tabibu Saito Tamaki cha mwaka 1998. Mwaka 2023 Serikali ya Japani ilikadiria kwamba watu wa namna hiyo, wa miaka 15 hadi 64, ni kiasi cha 1,460,000. Tazameni umri huo: hawa si vijana tena wote. Wajapani wana msemo wa "themanini na hamsini", yaani mzazi wa miaka 80 anayemlisha mtoto wa miaka 50. Wazazi hao hawakuwa wabaya. Walikuwa na uwezo wa kumficha mtoto wao, wakamficha kwa mapenzi, na siku zikapita. Mali iliyokuwa ngao ikawa ukuta.

Na wataalamu wa uchumi waliofuata maisha ya watu miaka mingi wameona kwamba aliyekaa muda mrefu bila kazi katika ujana wake, hata akija kuipata, aghlabu huendelea kupata ujira mdogo kuliko wenziwe kwa miaka mingi baadaye. Wakati uliopotea huacha kovu.

DAWA NI KUJUA MAJINA

Mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana juu ya ahadi moja: kila kijana wa chini ya miaka 25 aliyeacha masomo au kupoteza kazi apatiwe ndani ya miezi minne kazi, au masomo, au uanagenzi. Ahadi hiyo ni nzuri, na ubora wake mkubwa ni ule muda uliowekwa, kwa sababu jambo hili huoza kwa kungoja. Lakini wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo walipoichungua mwaka 2017 waliona upungufu wake: vijana waliojiandikisha walisaidiwa, lakini wale ambao hawakuwamo katika daftari yoyote walikuwa taabu kuwafikia. Uingereza nayo ilitangaza ahadi kama hiyo mwezi wa Novemba 2024 kwa vijana wa miaka 18 hadi 21, na kuanza kuijaribu mwaka 2025 katika sehemu nane. Nayo itapimwa kwa kipimo hicho hicho: je, itamfikia asiyekuja mwenyewe?

Basi hapa ndipo tunapotaka msomaji atie alama. Asilimia haimtoi kijana chumbani. Kinachomtoa ni mtu anayemjua kwa jina, anayebisha mlango, na anayerudi tena akikataliwa mara ya kwanza. Serikali inaweza kujenga vyuo, na ni wajibu wake. Lakini aliye karibu na mlango ni jirani.

NA SISI JE?

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya Wazungu na Wajapani." Tunamjibu: tazama mji wako. Katika Mombasa, ukivuka daraja la Nyali utaona majumba mazuri kabisa ya kisiwa na bara, na karibu yake iko Kongowea na soko lake. Mkiwakusanya wote katika hisabu moja, kila mmoja atamficha mwenziwe. Na ndani ya majumba yale mazuri, kama ndani ya majumba yetu ya mji wa kale yanayoishi kwa kodi za pango na fedha ziletwazo kutoka Arabuni, wako vijana waliomaliza shule wakakaa. Hawana njaa, kwa hiyo hatuwaoni. Na wasichana tunawaona kidogo zaidi, kwa kuwa aliye ndani tumezoea kusema "yuko kwao", kana kwamba neno hilo ni kazi.

Lakini yuko mtu mmoja anayewajua wote. Muuza unga humjua kila kijana kwa jina lake, hujua saa anayotoka na baraza anayokaa, na hujua mwenye baba wa kumpa fedha. Yeye hangoji miezi minne. Tusikubali yeye awe ndiye mjuzi wa mitaa yetu kuliko sisi.

Wala si kweli kwamba pwani haijapata kulifanya jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wazee waliona vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wanaachwa nyuma katika elimu ya ufundi. Ikatolewa mali na Sultani wa Unguja, na Aga Khan, na jamaa ya Mabohora, pamoja na Serikali ya wakati ule, kikajengwa Mombasa chuo cha MIOME kuwafundisha vijana ufundi wa mitambo na umeme na ubaharia. Chuo kile kikageuka kuwa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kisha chuo cha ufundi cha Mombasa mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor.  Waliotoa mali ile walijua kwamba mali ya mji ni amana, na kwamba kijana wa mtu ni kijana wa mji.

Kwa hiyo tunashauri mambo matano, madogo, yawezekanayo bila kungoja idhini ya mtu.

1. Kila mtaa uwe na watu wawili wanaoaminika, mwanamume na mwanamke, watakaowajua vijana wote wa miaka 16 hadi 24 kwa majina na kujua kila mmoja analolifanya. Daftari hiyo iwe ya siri na sitara, si ya kusomwa barazani.

2. Kijana akikaa miezi minne bila shughuli, aendewe. Aulizwe kwanza, asihubiriwe kwanza.

3. Kila mwenye karakana, duka, ofisi au chombo achukue mwanagenzi mmoja, ampe ujira wa nauli na chakula usiopungua.

4. Mwenye uwezo asitoe fedha za jumla tu. Na amlipie kijana fulani karo ya chuo cha ufundi, au nauli ya miezi sita, au sanduku la vyombo vya kazi. Vijana wengi huzuiwa na kitu kidogo kama hicho.

5. Mzazi mwenye mali na akubali kusema kweli mbele ya jirani yake: "Mwanangu amekwama, nisaidieni." Neno hilo ni zito kwa ulimi, lakini kulificha kuna uzito zaidi.

MASUALA YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

Kwa nini hisabu ya mji mzima huweza kuwa kweli na bado ikapoteza watu? Kuna tofauti gani baina ya kijana asiye na kazi wa nyumba ya dhiki na yule wa nyumba ya neema, na yupi hufikiwa kwa taabu zaidi? Katika mtaa wako, unaweza kutaja majina ya vijana wangapi walio katika hali hii? Na kama huwezi kutaja hata mmoja, je, ni kwa sababu hawapo, au ni kwa sababu hujauliza?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwajua watu wetu kabla hawajajulikana na wabaya wao.